Simu ya Kinda kwenye Orodha

Mke wangu ni fundi wa mitandao ya majumbani. Mtaani wanamwita Fundi, na mimi humwita hivyo hivyo, hata mezani, hata tukigombana. Ana miaka hamsini na mbili, mikono midogo yenye nguvu, na begi la turubai lenye mifuko tisa, kila mfuko na kitu chake: koleo la kubania ncha za waya, kipimio, skrubu za ukutani, mkanda mweupe wa kuandikia. Kazi hii hakuisomea chuoni. Alijifunza kwa kufungua vilivyoharibika juu ya meza yetu ya chakula, na kila alichokigusa alikiandika.

Siku za mapumziko humsindikiza nikamshikia ngazi, kwa hiyo maelezo anayowapa wateja nayajua kama sala. Mwezi uliopita tulikwenda kwa muuguzi mstaafu aliyekuwa amefungia vifaa vyake vyote kabatini na kuvifunika kitambaa cha kufuma.

"Masanduku yote haya ya nini, Fundi? Mimi niliomba intaneti, sikuomba familia."

"Ni matatu tu, Mama. Hili la kwanza ni modemu. Linaongea na waya unaotoka nje, basi. Watu wa humu ndani haliwajui."

"Kama marehemu mume wangu."

"Hili la pili ni ruta. Hili ndilo lenye kazi. Simu ikiingia, televisheni ikiingia, ruta inaipa namba yake ya humu ndani na kuiandika kwenye orodha. Hili dogo ni swichi. Halina akili nyingi, linakuongezea matundu ya waya tu."

"Na kitambaa changu?"

"Kitoe. Ruta ikifunikwa inapata joto, na hewani haisikiki vizuri."

Yule mama alikitoa kitambaa, akakikunja. "Umesema inaandika. Inaandika nini?"

"Nani ameingia, saa ngapi, ametoka saa ngapi, na alikuwa karibu kiasi gani. Namba ikiwa kubwa, kama themanini, yuko mbali. Ikishuka hadi thelathini, unaweza kumgusa."

"Kwa hiyo nitajua mwanangu amerudi saa ngapi."

"Utajua simu yake imerudi saa ngapi," Fundi akamjibu.

Nayaandika haya kwanza kwa sababu bila hayo mambo ya wiki ile hayataeleweka.

Tulikuwa tunaishi nyumba ya kupanga: sebule mbele, korido ndefu, vyumba viwili na jiko, kisha ua wa saruji, na mwisho wa ua chumba cha baba mkwe wangu. Zamani kile chumba kilikuwa stoo, na kuta zake ni za mawe, nene kama mkono hadi kwenye kiwiko. Waifai ya sebuleni haikuwahi kufika huko. Kila mwaka Fundi alimwahidi baba yake kwamba angemvutia waya, na kila mwaka wateja walimtangulia mzee. Kinyozi hajinyoi.

Baba mkwe alikuwa msoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja. Mimi natunza ghala la vipuri. Mke wangu nimekwisha kumweleza. Ilikuwa nyumba ya watu wa madaftari, na shemeji yangu, mdogo wake Fundi, alikuwa akisema kwetu hata panya wana daftari la mahindi. Pamoja na hayo, mimi na mke wangu tuna desturi moja: hakuna anayesoma daftari la mwenzake. Tuliafikiana mwaka wa kwanza wa ndoa, baada ya ugomvi ambao siuandiki hapa.

Huyo shemeji tulimwita Kinda. Alikuwa kitinda mimba, aliyezaliwa wakati wazazi walishadhani wamemaliza, na mama yao alipofariki yeye akiwa na miaka tisa, Fundi ndiye aliyemlea. Alikuwa mcheshi, mvivu kidogo, mwenye kupendwa na kila mtu. Alipofika miaka ishirini na sita baba yake alimwombea kazi ile ile ya kusoma mita. Alidumu miezi mitano. Iligundulika kwamba alikuwa akishinda gereji na rafiki zake na kuandika namba za kichwani. Nyumba zilizofungwa miaka mingi, hakuna mtu ndani, vitabuni zilikuwa zinatumia maji kila mwezi kama zina familia.

Mzee alimwita sebuleni mchana mmoja. Mimi nilikuwa ghalani. Fundi alikuwa jikoni, na kwa jinsi alivyonisimulia mwenyewe, alipotoka makelele yalikuwa yamekwisha na Kinda ameshaondoka. Jioni alimpigia. Simu ililia mara moja, kisha haikupatikana. Haikupatikana kesho yake, wala mwaka uliofuata. Ilikuwa imetimia miaka sita.

Katika miaka hiyo sita Fundi alibadilisha ruta yetu mara tatu, na mara zote tatu aliipa mpya jina lile lile la mtandao na neno la siri lile lile, herufi kwa herufi. Wateja huwakataza kufanya hivyo. Nilipomwuliza alinijibu akiwa amenipa mgongo.

"Mtu anaweza kusahau kwao. Simu yake haisahau. Ikipita hapo nje ikasikia jina letu, itaingia yenyewe, haimwulizi mwenyewe. Kisha mimi nitajua alipita."

Kila mtu ana namna yake ya kuacha mlango wazi.

Mwaka huu nyumba ikauzwa. Tulipewa hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Jumatatu yake mnunuzi angeleta watu wa kubomoa. Tulipata makao upande wa pili wa mji, ghorofa ya pili. Shida ilikuwa mzee. Kiharusi kilimpiga mwaka jana upande wa kushoto, na mtaalamu wa viungo alisema asipofanya mazoezi ya kutembea kila siku, ngazi zile hatazipanda. Ghala letu liko karibu, kwa hiyo kazi hiyo ikawa yangu. Saa sita na nusu mchana naingia kwa geti la pembeni, nampa chakula, namshika mkono, tunatoka chumbani. Kila siku tunaongeza hatua. Tukifika mwisho wa nguvu zake namwekea kiti, naye huniambia, "Kaniletee maji, mkwe. Usiharakishe." Nilielewa. Mtu mzima hapendi kutazamwa akihema. Nilikuwa nakaa jikoni naosha vyombo, kisha namrudisha. Hatua nilikuwa naziandika.

Fundi alikubali kuhama. Alikuwa ameshaanza kufunga vyombo. Ijumaa ya wiki moja kabla, alirudi jioni, intaneti ikawa nzito, akafungua orodha ya ruta kuona nani anaimaliza. Nilikuwa nakunja magazeti ya kufungia vikombe. Nikamsikia anaacha kupumua.

"Njoo usome hapa. Mimi naogopa kusoma peke yangu."

Kwenye orodha, chini ya simu yake na yangu, palikuwa na jina ambalo simu hujipa yenyewe kama mwenyewe alivyoiandikisha: KINDA KITINDA. Imeingia saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Imetoka saa saba na dakika kumi na sita. Namba ya ukaribu, themanini na nne.

"Themanini na nne ni wapi?" nikamwuliza.

"Mbali. Nje ya geti, labda ng'ambo ya barabara." Alikuwa ameshasimama. Alikwenda kuangalia barabara ingawa yalikuwa yamepita masaa matano.

Jumamosi na Jumapili ndizo siku zake za kazi nyingi, maana ndipo wateja wako nyumbani. Alirudi mbio siku zote mbili. Jumamosi: saa saba na dakika kumi na mbili, dakika nne, themanini na moja. Jumapili: saa ile ile, dakika zile zile, sabini na saba. Jumatatu, sabini na saba tena.

"Anakaribia," akasema.

"Au kuna mtu kaiokota hiyo simu."

"Aiokote, aje nayo hadi hapa, kila siku dakika hiyo hiyo?"

Jumatatu jioni alikwenda kumweleza baba yake. Nilimfuata na taa ya mkononi kwa kuwa balbu ya uani ilikuwa imeshafungwa na vyombo vingine. Mzee alisikiliza akitazama ukuta. Fundi alipomaliza, alifumba macho hadi nikadhani amelala.

"Simu si mtu," akasema mwishowe.

"Najua, Baba. Lakini simu haitembei yenyewe."

Mzee alivuta shuka hadi kifuani.

Jumanne Fundi aliahirisha wateja wawili na kusimama nje ya geti kubwa tangu saa sita. Mimi nilipita geti la pembeni, kazi yangu na mzee ikaendelea kama kawaida. Baadaye aliniambia alichokiona kwa muda wa saa mbili: mwanamume akisukuma baiskeli iliyopasuka gurudumu, wanafunzi wawili, na paka. Aliporudi ndani akafungua orodha. Kinda alikuwa ameingia saa saba na dakika kumi na mbili. Sabini.

"Amenipita," akasema. "Nilikuwa nimesimama pale, macho wazi, na amenipita."

Usiku ule hakufunga hata kikombe. Nilimkumbusha Jumamosi.

"Siondoki."

"Fundi, Jumatatu wanakuja na nyundo."

"Waje nikiwa ndani. Miaka sita sikuwa na kitu, sasa mtu amefika nyumbani kwake, anakaribia siku hadi siku, halafu nimpakie vyombo kwenye lori? Akija Jumapili atamkuta nani? Tofali?"

"Na baba yako alale wapi?"

Swali hilo lilimwuma, na sikufurahi kwamba nililiuliza. Hata hivyo hali ilikuwa hiyo: ama tumwondoe mzee kabla hawajabomoa, ama tumsubiri Kinda. Vyote viwili kwa pamoja havikuwezekana.

Jumatano alikuwa na kazi isiyoahirishika. Namba ilikuwa sitini na moja. Jioni hiyo alifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa tangu mwanzo, nami najilaumu kwamba sikulifikiria. Alichukua simu yake mwenyewe na kuzunguka nayo nyumba nzima, mimi nikiwa sebuleni nikimsomea namba kwenye orodha. Kila ilipotokea namba iliyokuwa ya Kinda, alibandika kipande cha mkanda mweupe ukutani na kuandika siku. Themanini na nne aliipata nje ya geti, kweli. Sabini na saba hakuipata nje popote. Wala sabini. Akarudi ndani, akapita korido, akatoka uani. Nikasikia mkanda unachanwa. Ukachanwa tena. Akakawia. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Njoo uone."

Vipande vilikuwa vimepangana ukutani, kimoja baada ya kingine, vikitoka mwisho wa ua kuelekea mlango wa korido. Hata ile themanini na nne ilikuwa na mahali pa pili, hatua chache mbele ya chumba cha mzee.

"Hatoki barabarani," akasema kwa sauti ndogo. "Hajaingia. Alikuwa humu humu."

Tulitazama nyuma ya matangi, juu ya paa la jiko, ndani ya bafu la zamani tunalowekea majembe. Tulichungulia kwa mzee, alikuwa amelala chali, mkono wa kulia kifuani. Tulifunga milango yote, hata ile ambayo haijawahi kufungwa na ikabidi niipige bega.

Alhamisi aliondoka asubuhi na begi lake kama kawaida. Hakuniambia kwamba saa tano alirudi kwa mlango wa mbele, akajifungia sebuleni katikati ya maboksi, na kukaa mbele ya orodha.

Mimi nilifika saa sita na nusu. Nilimtoa mzee. Tulipokuwa tunapita uani nilikuwa navitazama vile vipande vyeupe upande wa kushoto, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na kuna kitu kilinigusa kisogoni, nikashindwa kukipa jina. Mzee siku ile alikuwa na nguvu za ajabu. Aliingia koridoni, akaendelea. Alisimama mbele ya mlango wa sebule.

"Hapa," akasema. "Kaniletee maji, mkwe. Usiharakishe."

Yaliyofuata alinisimulia Fundi. Alitusikia tukija, fimbo ya mzee na kiatu kinachoburuta. Alisikia kiti kikiwekwa, na miguu yangu ikienda jikoni. Kisha kimya. Alikuwa anatazama kioo. Saa saba na dakika kumi na mbili mstari ukajiandika: KINDA KITINDA, arobaini na tatu. Akainua macho kuutazama mlango. Nyuma ya mlango, baada ya mnung'uniko aliodhani ni wa baba yake, kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayesemea ndani ya gunia, Kinda akacheka. Akasema, "Mzee, maji ni maji tu, yawe ya kweli yawe ya kubuni."

Ufunguo ulimdondoka. Maboksi mawili yalikuwa yameegemea mlango, na alipoyasukuma la vikombe likapinduka. Ile kelele ndiyo iliyonitoa jikoni. Nilimkuta ameshika kitasa, uso umegeuka kijivu, na mzee kwenye kiti chake, kidevu kifuani, mkono ndani ya shati.

"Umepishana naye?" Fundi akaniuliza.

"Nani?"

"Kinda. Alikuwa hapa. Nimemsikia."

Korido ilikuwa tupu hadi mwisho. Mlango wa uani nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa komeo.

"Nirudishe chumbani, mkwe," mzee akasema.

Jioni ile tulikaa sebuleni, vigae vya vikombe bado sakafuni. Fundi alikuwa anarudia namba zake kwa sauti, ovyo, kama mtu anayehesabu ili asilie. Themanini na nne, themanini na moja, sabini na saba, sabini na saba. Alipozirudia zile mbili zinazofanana, nilitia mkono mfukoni.

"Jumatatu mvua ilinyesha," nikasema. "Hatukuongeza hatua. Tulirudia zile za Jumapili."

Akaacha kuhesabu.

Nikaliweka daftari langu mezani, nikalifungua, nikalisukuma mbele yake. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane aliweka lake kando ya langu. Ijumaa, hatua kumi na mbili. Jumamosi kumi na nane. Jumapili ishirini na nne. Jumatatu ishirini na nne. Jumanne thelathini na moja. Jumatano thelathini na tisa. Alhamisi arobaini na saba. Kila hatua zilipopanda, namba zake zilishuka. Simu ilikuwa inatembea na mzee. Kiti nilikuwa nakibeba mimi.

Ijumaa mchana tuliingia wote wawili chumbani kwa mzee. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati safi. Nadhani alikuwa anatutarajia. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

"Baba," Fundi akasema, "tunaomba tuione."

Mzee alifungua kifungo cha shati kwa mkono wake mmoja, kazi iliyochukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akatoa simu. Ilikuwa ile ile ya Kinda, yenye ufa kwenye kona, chaja yake imezungushiwa mpira.

"Nilimwambia aweke mezani kila nilichomnunulia," akasema. Maneno yake siku hizi hutoka moja moja. "Akaiweka. Ilikuwa inarekodi. Ile tabia yake."

Tuliijua ile tabia. Kinda alikuwa akirekodi ugomvi wote wa nyumbani ili akawachekeshe wenzake gereji.

"Miaka sita nampigia," Fundi akasema. "Nambadilishia ruta, naacha jina. Na simu haijawahi kutoka getini."

"Niliizima jioni ile. Ilikuwa inalia. Nikaogopa kuipokea, ungenijua. Baadaye ikawa nimechelewa kusema."

"Na kila siku unaiwasha."

"Saa ile ile aliyotoka. Nasikiliza." Alitazama mlango. "Nasikiliza nione kama leo nitainuka."

Sikuielewa kauli ile. Fundi naye hakuielewa. Mzee akabonyeza.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mzee mwenyewe, kali, ya kabla ya kiharusi, na ilitisha kuisikia ikijaa chumbani huku mwenyewe amekaa kimya mbele yetu, midomo imefungwa. Alimhesabia nyumba tupu, moja moja, kwa namba zake za mita. Kinda akacheka, akasema yale ya maji. Pakapigwa meza. Weka simu. Weka funguo. Toka. Kandambili zikaondoka, taratibu, mwendo wa mtu anayetaka kuitwa. Kisha kiti kikalia. Mzee wa kwenye simu alikuwa anasimama. Alimwita, si kwa ukali, "We Kinda," kama mtu anayeanza sentensi.

Ikafuata sauti ya mwanamke, karibu sana na meza.

"Mwache aende, Baba. Kaa. Njaa itamrudisha kabla ya magharibi."

Na kiti kikalia tena. Mtu ameketi.

Fundi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti yake.

"Nilikuwa jikoni," akasema.

"Ulikuwa umetoka," mzee akamjibu. "Ulikuwa na unga mikononi."

"Mimi nilikuwa jikoni, Baba."

"Sikutaka uisikie. Ulisema neno la kawaida. Kila dada angesema." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyekaa."

Rekodi ilikuwa bado inaendelea. Kwenye kioo nilisoma zimebaki sekunde ishirini. Mzee alikuwa ameshateremsha mkono. Kwake, naona, mambo huishia kwenye kile kiti. Masikio yake yamechoka. Yangu ni ya mtu wa ghala, aliyezoea kusikia skrubu moja ikidondoka nyuma ya rafu. Nikainama. Fundi naye akainama.

Baada ya maneno yake, kwa mbali, pale mlango wa mbele unapopaswa kuwa, kandambili zilisogea. Hatua moja. Kwa hiyo zilikuwa zimesimama. Alikuwa bado hajatoka. Alikuwa amesimama kizingitini, muda wote ule, akisubiri, na alisikia kila kitu. Kisha zikaondoka, safari hii haraka, geti likafungwa, na rekodi ikakatika.

Mzee akatutazama. "Kuna nini?"

Mke wangu alinishika kifundo cha mkono akakibana.

"Hakuna kitu, Baba," akasema. "Imeisha."

Hatujamwambia hadi leo. Alikaa na siri yake miaka sita, nasi tunakaa na yetu.

Usiku huo Fundi alifunga vyombo vyote hadi alfajiri, bila kusema. Nilidhani labda atalia, hakulia. Mara moja tu, akiwa amepiga magoti juu ya boksi la sufuria, aliniambia, "Nilikuwa nadhani hajui njia. Anaijua. Ananisubiri nimwambie neno jingine."

Jumamosi asubuhi alichomoa modemu, kisha ruta, akazungusha nyaya na kuzifunga. Lori lilifika saa nne. Mzee alikataa kubebwa. Alitoka chumbani, akapita ua, korido, sebule iliyobaki tupu, Fundi mkono wa kulia na mimi wa kushoto, na kwenye kizingiti cha mlango wa mbele akasimama kupumzika pale pale Kinda aliposimama. Nilimwona mke wangu akitazama sakafu, akizunguka pale kama mtu anayeogopa kukanyaga kilicholala.

Dereva aliambiwa apitie gereji. Mimi nilikuwa nyuma nimeshikilia magodoro, kwa hiyo nilisikia vizuri. Mwenye gereji alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Samahani, kaka. Namtafuta mdogo wangu, alikuwa akishinda hapa zamani. Tulimwita Kinda."

Miguu ilitulia. "Yule wa vichekesho? Ni siku nyingi, dada. Una namba yake?"

"Sina."

"Picha?"

"Ya zamani."

"Huna namba, huna picha ya sasa. Sasa utampataje mtu wa hivyo?"

Mzee alikuwa ameteremsha kioo cha lori, sikio nje. Fundi alivuta tairi bovu, akakaa juu yake, akainama hadi uso wake ukawa usawa wa lile gari.

"Toka kwanza huko chini," akamwambia. "Halafu uniambie mara ya mwisho alikuja hapa na nani."